Jiwe Tulilolivuta kwa Pua

Jambo la kwanza nililofundishwa katika kazi ya mawe ni namna ya kukaa. Msicheke, vijana. Nyie mnaosaga siku hizi mnasimama kando ya mashine, mkono mmoja umeshika simu. Sisi tuliyaponda kwa nyundo tukiwa tumekaa chini, na aliyekaa vibaya alirudi nyumbani na mgongo mbovu na uso mweupe kama wa mtu aliyekamatwa akiiba unga.

Mimi siku ya kwanza nilikaa vibaya. Nilikuwa nimetoka Nyanungu na mwanangu Mwita mgongoni. Mwaka ule ng'ombe wetu walikuwa wameisha kwa ugonjwa, na mume wangu Marwa alikuwa ameshaingia mashimoni Nyangoto kama wanaume wenzake. Kila mtu alitafuta dhahabu wakati ule. Fundi cherehani alifunga duka akanunua sururu. Wanaume walichimba na kupandisha mawe, sisi wanawake tukayaponda mpaka yawe unga, na unga ukapelekwa kuoshwa ili dhahabu ibaki. Nikaona kivuli kizuri cha ukuta, nikakaa, nikaanza kugonga. Sikujua kwamba nimeuelekea upepo.

Jioni nilipofika kwenye chumba tulichopanga, mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kututembelea, alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akaweka chini kikombe chake cha uji.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna, mama. Ni kazi tu."

"Kazi gani hiyo inayomzika mtu angali anatembea?"

Tulicheka sana usiku ule. Marwa alinipangusa uso kwa kanga akasema sasa ameoa mzungu. Nimeikumbuka ile sentensi ya mama mkwe mara nyingi tangu hapo, na sijacheka tena.

Kesho yake mwanamke mmoja alikuja nilipokaa, akanishika mabega, akanigeuza kama mtu anavyogeuza mtungi.

"Sasa wewe, unaponda ama unakula?" akasema. "Upepo uache nyuma yako."

Huyo ndiye Bhoke. Alizaliwa karibu na Sirari, dada zake wameolewa upande wa Kenya, na Kiswahili chake kilivuka mpaka kila siku bila kuomba ruhusa. Alinizidi umri kidogo tu, lakini alikuwa ameianza kazi mapema, na yote niliyoyajua nilijifunza kwake. Alinikatia pete ya mpira kutoka tairi kuukuu, nikawa naweka jiwe katikati yake ili vipande visiruke. Alinifundisha kuishika nyundo kwa kulegeza, kwa maana ukiikaza mkono unakufa ganzi kabla ya mchana. Alinionyesha jiwe la kutia maanani, lile lenye mistari ya rangi ya kutu, na jiwe la kutupa. Na alinifundisha kupima unga. Unausugua kati ya vidole. Ukikwaruza, bado. Ukiteleza kama unga wa ngano, umeiva. Ukiwa na shaka, unaweka kidogo kwenye meno.

Basi nilionja kutwa nzima, kama mpishi wa harusi. Nilirudi nyumbani sina njaa. Marwa akiniuliza mbona sili, namwambia nimeshiba mlima.

Bhoke alikuwa na sauti. Sijui niwaelezeje. Kanisani kwetu yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, na mwalimu wa kwaya alikuwa anamwangalia yeye kwanza kabla ya kuinua mkono. Pale kwenye mawe alituimbisha tugonge pamoja, na mkono ulikuwa hauchoki. Wachimbaji wakitoka shimoni walikuwa wanasimama kidogo wamsikilize, halafu wanajifanya wanatafuta kiatu.

Halafu zikaja karasha. Mnazijua, lakini za kwanza hamkuziona: pipa kubwa la chuma lililojaa vyuma vya mviringo, linazungushwa na injini ya dizeli, mawe yanasagika humo yakiwa makavu. Kazi ambayo sisi wanawake kumi tulikuwa tunaifanya kutwa, lile pipa lilikuwa linaimaliza kabla chai haijapoa. Tukadhani tumepumzika. Mwenye karasha ya karibu yetu alikuwa Mzee Wambura, mtu aliyewahi kuuza sukari Tarime mjini, akatuajiri mimi, Bhoke na wengine. Kazi yetu sasa ilikuwa kulifungua pipa injini ikisimama, kuuchota unga kwa sahani, na kuuchekecha.

Vijana, pale ndipo tulipolivuta jiwe. Ukifungua kile kifuniko, wingu lilikuwa linatoka limesimama wima kama mtu, linakupita usoni, halafu linaenda zake. Kiangazi lilikwenda mpaka shuleni. Mama aliyeuza maandazi alifunika karai kwa kanga, na bado maandazi yake yalikuwa yanalia kwenye meno. Upepo wa kuuacha nyuma haukuwepo tena, kwa sababu karasha zilikuwa kila upande. Ukiikimbia ya Wambura unaikuta ya jirani.

Lakini msimchukie Mzee Wambura. Hakuwa mtu mbaya. Alitununulia maziwa. Kila jioni, kikombe kimoja kimoja, na alisimama mwenyewe kuhakikisha tumekunywa.

"Maziwa yanateremsha vumbi," alisema. "Yanaosha kifua."

Na sisi tuliamini. Tuliringa kwa wanawake wa karasha nyingine ambazo hazikutoa maziwa. Nilikunywa maziwa yale miaka mingi nikijisikia nimeoshwa. Baadaye sana nilimsimulia mganga wa zahanati habari hii, akatabasamu kwa huzuni akasema, "Mama, maziwa yana njia yake na pumzi ina njia yake. Hazikutani." Mpaka leo nakutana na vijana wanaokunywa maziwa kwa ajili ya vumbi. Yanyweni, yana faida yake. Lakini msinywe mkidhani mmemaliza.

Na hili la hewa mbaya msidhani ni la Nyangoto tu. Mwita wangu sasa ni dereva Dar es Salaam. Ananiambia kuna siku kule za joto kali, magari yamesongamana, bahari ipo pale pale na anga ni safi kabisa, lakini akipumua anahisi kifua kinachomwa. Wataalamu waliwaeleza kwamba moshi wa magari ukipigwa na jua muda mrefu unageuka kuwa hewa nyingine, kali, na huwezi kuiona. Nilimwambia, mwanangu, sisi vumbi letu tuliliona. Tulilipangusa usoni kila jioni. Na kuliona hakukutusaidia.

Kwa Bhoke ugonjwa ulianza na nyimbo. Siku moja kanisani alifika kwenye ile sehemu ya juu ambayo watu wote waliisubiri, akafungua mdomo, na sauti haikuja. Akanigusa mkono mimi niliyesimama karibu naye, maana yake shika. Nikashika, kwa sauti yangu hii ya kuitia mbuzi. Watu wakadhani ni mafua. Jumapili iliyofuata akanigusa tena. Baada ya muda hakuwa ananigusa tena, nilikuwa najua.

Kikaja kikohozi kikavu. Akaanza kukonda. Kupanda kile kijilima cha kwenda kwake akawa anasimama katikati, anajifanya anaangalia mahindi ya watu. Alipelekwa zahanati, wakasema huenda ni kifua kikuu. Vipimo havikuonyesha kitu, lakini akapewa dawa, akazimeza mpaka zikaisha, na kikohozi kikabaki palepale. Akaanzishiwa tena. Watu walipoona anameza zile dawa walianza kujitenga. Pale kwa Wambura, jioni ya maziwa, Bhoke alikuja na kikombe chake kutoka nyumbani kabla mtu hajathubutu kumwambia. Alikiweka pembeni, mbali na vyetu. Mimi nilikichukua nikakirudisha katikati, naye akakitoa tena.

"Wacha, Robi," akaniambia. "Ni afadhali nijitoe mwenyewe kuliko nitolewe."

Marwa ndiye aliyesema tumpeleke Musoma. Nikaenda naye kwa basi, amekaa dirishani amefunga kitambaa mdomoni, na bintiye Ghati tumemwacha kwa jirani. Pale hospitali tulikutana na daktari kijana aliyeitazama picha ya kifua kwa muda mrefu, akaitoa, akairudisha kwenye taa. Bhoke alimwamkia "shikamoo daktari" kwa woga, ingawa angeweza kumzaa. Daktari akaona aibu.

"Shikamoo wewe, mama," akasema. Kisha akauliza, "Unafanya kazi gani?"

Tukatazamana. Katika safari zote zile za zahanati, na madawa yote yale, hakuna aliyewahi kuuliza hivyo. Walimuuliza kama anatema damu, kama anatoka jasho usiku, kama kuna mgonjwa nyumbani. Kazi, hapana.

"Nachota unga wa mawe," Bhoke akasema.

Daktari akakaa. Akatueleza taratibu, bila kukimbia. Vumbi la yale mawe ni kama chembe za chupa, ndogo kiasi kwamba zinapita pua na koo mpaka mwisho kabisa wa kifua. Huko hazitoki. Kifua kinajenga kovu kuzizunguka, kovu juu ya kovu, mpaka kinakuwa kigumu na hakiwezi kutanuka.

"Dawa yake?" nikauliza.

"Ya kuliondoa haipo, mama. Asiliongeze tu."

Tukapanda basi la kurudi. Hapo Bhoke akasema, "Ingekuwa mtu aliniambia hivyo ile siku nilikufundisha kuonja." Halafu akageukia dirisha. Nililia mimi, yeye hakulia.

Mnadhani alikwenda nyumbani akalala? Kesho yake tu alikuwa kwa Mzee Wambura, amesimama mbele yake huku anatafuta pumzi.

"Mzee, tia maji kwenye pipa. Sagia majini. Vumbi halitaruka."

"Bhoke, jiwe likilowa linagandamana. Itachukua muda kuchota."

"Ichukue. Sisi ndio tunaochota, si wewe."

"Na wateja?"

"Waambie ukweli. Mimi si niko hapa? Waambie waniangalie mimi."

Mzee Wambura alimwangalia. Nadhani hakuwa amemwangalia vizuri kwa muda mrefu. Akakubali. Akanunua pampu ndogo ya kuvuta maji kutoka kijitoni, na kwa mara ya kwanza tukafungua pipa pasitoke kitu. Hapakuwa na wingu. Lilikuwa tope la kijivu limetulia kama uji. Tukasimama tunalitazama. Mmoja wetu akaanza kuimba, na Bhoke akapiga makofi kwa kuwa kuimba hawezi.

Haikudumu. Wachimbaji walifika na mifuko yao ya mawe, wakaona tope, wakakasirika. Nawakumbuka walivyobishana na mzee.

"Maji yanaficha dhahabu," akasema mmoja wao, Chacha, kijana mwenye mabega kama mlango. "Mnataka kutuibia humu kwenye matope."

"Mura, kijana wangu, dhahabu ni ile ile," mzee akamjibu. "Haiyeyuki."

"Basi mimi nakwenda kwa jirani. Kwake nachukua unga wangu mkavu naondoka."

Wakaenda, mmoja baada ya mwingine. Karasha yetu ikawa imezimwa mchana kweupe huku za jirani zinanguruma na wingu lao linatufuata palepale tulipokaa. Mzee Wambura alivumilia kwa kadiri alivyoweza. Halafu asubuhi moja tulimkuta ameing'oa pampu ameiweka ndani. Aliangalia chini tu, akawasha injini, pipa likiwa kavu.

Bhoke hakuishia hapo. Akapita kwenye kila karasha, anakaa chini kila baada ya hatua chache, akawaita wanawake wote wakutane kwenye uwanja wa kanisa Jumapili mchana. Walikuja wengi. Aliwaeleza aliyoyasikia Musoma. Kisha akasema, "Tukikataa sote kuchota unga mkavu, watatia maji wote. Mteja hatakuwa na jirani wa kukimbilia."

Ilikuwa hesabu nzuri. Mpaka leo naiona ilikuwa nzuri. Lakini mwanamke mmoja, amebeba mtoto na mwingine yumo tumboni, akasimama akauliza kwa upole kabisa, "Dada Bhoke, zile siku tutakazokuwa tunakataa, tutapika nini?" Wala hakuwa anabisha. Alikuwa anauliza kweli. Watu wakakaa kidogo, wakanyanyuka, wakapangusa kanga zao, wakaondoka wakituaga vizuri.

Jumatatu tulikataa wachache sana. Nafasi zetu zilijazwa kabla jua halijawa kali.

Basi tulihamia kijitoni sisi wachache, tukarudia nyundo zetu za zamani. Tuliyaloweka mawe kwanza, tukayaponda yakiwa mabichi. Kazi ilikwenda polepole, na wachimbaji waliotuletea ni wale wenye mifuko midogo ambao karasha haziwataki. Bhoke alikaa kwenye kigoda akitusimamia. "Maji! Maji! Jiwe limekauka hilo!" Ukimsikia ungedhani ni mzima. Lakini kila akipaza sauti ilimbidi anyamaze muda mrefu baadaye, na sisi tulijifanya tuna kazi nyingi ili asione tunamsubiri.

Alifariki msimu wa mvua, karasha nyingi zikiwa zimesimama kwa sababu njia zimeharibika na dizeli haifiki. Hewa ilikuwa safi kuliko nilivyowahi kuijua pale. Mvua ilikuwa imeteremsha kila kitu, ungeweza kuona milima mpaka upande wa pili. Yeye alikuwa amekaa ameegemea mito, kwa sababu kulala alikuwa hawezi tena, na hewa yote ile iliyokuwa dirishani haikuweza kumwingia. Hilo ndilo linaloniuma. Siyo kwamba hewa haikuwepo.

Kwenye mazishi Mzee Wambura aliomba kusema neno. Akasimama kando ya kaburi, akavua kofia, akaanza, "Huyu mama alikuja kwangu akaniambia..." Kikohozi kikamkamata. Kikavu kile kile. Akangoja kipite, akaanza upya, kikamkamata tena. Watu walikuwa wameinamisha vichwa wakidhani ni uchungu. Mimi nilimtazama, naye akanitazama, na wote wawili tulijua. Alikuwa amekaa mle mle vumbini miaka yote pamoja nasi, anatugawia maziwa. Alirudi kukaa bila kumaliza. Hakuishi sana baada ya hapo.

Nyie mtasema, lakini bibi, siku hizi karasha nyingi zinasaga kwa maji. Ndiyo. Na ningependa kuwaambia kwamba ni kwa ajili ya Bhoke. Siyo. Alikuja mnunuzi mmoja aliyekuwa amezunguka machimbo mengi, akawaonyesha wachimbaji kwamba ukisaga mkavu, unga mwembamba wenye dhahabu unapeperuka na upepo, na ukisaga kwa maji unabaki. Ndani ya msimu mmoja pampu zilikuwa kila mahali. Chacha yule yule wa mabega alinunua mbili. Kumbe lile wingu tulilolivuta lilikuwa na dhahabu ndani yake, na walipolijua hilo wakalizuia upesi.

Ghati, binti yake Bhoke, alikuja kwangu alipokuwa mkubwa, ameshazaa mtoto wa kwanza. Akaamkia, akakaa, akasema anataka kuchukua kazi kwenye karasha.

"Hapana," nikamwambia. "Kila kazi nyingine, lakini hiyo hapana."

"Siku hizi ni maji, mama. Hakuna vumbi."

"Hapana, Ghati."

"Basi nipe nyingine," akasema. Hakusema kwa jeuri. "Nipe nyingine nifanye."

Mimi nina shamba la mihogo Nyanungu na mbuzi wachache. Kile nilichoweza kumpa ni kumgeuza mabega, kumwambia auache upepo nyuma, na kumwambia pampu ikiharibika aondoke siku hiyo. Aliahidi.

Kiangazi kilichopita nilishuka Nyangoto kwenye msiba wa jamaa. Nikiwa bado mbali na karasha niliona wingu, jeupe, limesimama wima. Nikaacha njia ya msibani. Nilipofika, pampu ilikuwa chini imefunguliwa, vyuma vimetandazwa kwenye gunia, na Ghati alikuwa ameinama juu ya pipa na sahani mkononi, nywele zake nyeupe kuliko zangu.

"Shikamoo mama," akasema, akaficha sahani nyuma kama mtoto.

"Ghati. Uliniahidi."

"Ni leo tu. Fundi anatafuta kipuri Tarime. Kesho itakuwa nzima." Akakohoa kidogo, akapangusa mdomo. "Mafua tu haya."

Nikakaa chini palepale, mbele ya injini, na nguo zangu za msibani. Nikawaambia sitaondoka mpaka wasage kwa maji. Vijana wa karasha wakacheka, wakawasha injini tena, mmoja akasema bibi atachoka mwenyewe. Sikuchoka. Mwishowe mmoja wao, kwa aibu tu, akazima injini. Ghati akasimama katikati yetu hajui amkasirikie nani. Kisha akachukua ndoo mbili akateremka kijitoni.

Pakawa kimya. Nilikuwa nimempa mgongo. Nikamsikia anarudi, anapanda na zile ndoo, na kabla ya kuzisikia hatua zake nilisikia pumzi yake. Nimeshaisikia pumzi kama hiyo. Akasimama katikati ya mteremko. Nilipogeuka alikuwa ameweka ndoo chini, anaangalia mahindi ya watu.